Kutoka Majengo hadi Singidani: kuwafuata ndege wawindaji wa mijini

Safari hii ya kuwatazama ndege wawindaji wa Dodoma na Singida iliwekwa mwishoni mwa Novemba kwa makusudi. Mvua za Dodoma, ambazo kwa mwaka mzima kwa kawaida hazifiki milimita 600, huanza kugusa ardhi kipindi hicho. Ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia wanakuwa wanaingia, na migunga mingi bado haijavaa majani, kwa hiyo kiota kinaonekana hata ukiwa barabarani. Anayetaka mbuga aende Ruaha. Hapa tulifuata soko, machinjio, jalala, majabali, bwawa na maghala, kwa sababu ndege mwindaji wa mjini hafuati mandhari. Anafuata chakula na mahali pa kulelea makinda, na ukishajua viwili hivyo viko wapi, darubini inakuwa kazi ya mwisho.

Vifaa: darubini ya 8x42 (ya kukuza zaidi ya hapo inatikisika mkononi), daftari, bahasha za kaki, glavu, barakoa, kofia, maji lita 3 kwa mtu kwa siku. Bei zote hapa chini ni za shilingi, na ndizo tulizolipa sisi.

Alhamisi: treni, kisha Soko la Majengo

Treni ya SGR, daraja la kawaida, Dar hadi Dodoma: 31,000. Beba kitambulisho na ufike mapema, ukaguzi wa mizigo una foleni. Dirishani usitegemee kitu. Kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa, tai aliyekaa juu ya nguzo na mfuko wa plastiki ulionasa kwenye nguzo ni kitu kimoja.

Bajaji wa stesheni alianzia 10,000, tukaishia 7,000 hadi Majengo. Mizigo tuliiacha gesti (25,000, maji ya bomba yapo, feni inalalamika) na saa tisa alasiri tukawa sokoni.

Mwewe wa pale ni wa mdomo wa njano, yule wa kahawia ambaye kila mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye kuku anamjua. Uzito wake ni kati ya gramu 600 na 900, mabawa yakifunguka yanakaribia mita moja na nusu. Mtazame mkia. Una panda katikati na unazungushwa huku na huku kama usukani kila anapokata kona. Ndege mwingine mkubwa wa kahawia juu ya soko asiyechezesha mkia hivyo, mwangalie mara ya pili.

Wanaruka kwa zamu kati ya mabucha na wachinja kuku. Anapochukua kitu anatumia mguu, hatui, na anakula akiwa hewani kwa kuinamisha kichwa hadi kwenye kucha. Mara nyingi anatokea nyuma ya bega la mtu aliyebeba, akija kinyume cha upepo ili apunguze mwendo bila kupiga mabawa. Mchinja kuku mmoja alitueleza jambo ambalo liliongoza safari nzima: "Utumbo nikiutupa pale, wanakuja wote. Nikiuweka kwenye ndoo yenye mfuniko, wanahamia kwa jirani. Hawana undugu na mtu hawa."

Wanaotaka kuhesabu mwewe sokoni waje saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Kabla ya saa tatu ardhi haijapata moto, hewa haipandi, na mwewe wengi wanakuwa wamekaa tu kwenye mikaratusi na minara ya simu. Adhuhuri wanapanda juu sana mpaka wanakuwa nukta. Hesabu waliomo angani kwa wakati mmoja, kila dakika kumi, kisha chukua idadi kubwa kuliko zote. Ukijumlisha kila anayepita utamhesabu ndege mmoja mara nane.

Kosa la kawaida la msimu huu ni mdomo mweusi. Kuanzia Oktoba mwewe wahamaji kutoka Ulaya na Asia wanaingia, nao wana mdomo mweusi na kichwa cha kijivu-kijivu. Lakini kinda wa mwewe wetu naye ana mdomo mweusi kabla haujageuka njano. Kama hukuona vizuri rangi ya kichwa, andika "mwewe" uishie hapo.

Msaada mkubwa ni kunguru. Yule wa Dar mwenye shingo ya kijivu ni mgeni aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890. Wa Dodoma wengi ni wa asili, weusi wenye kifua na shingo nyeupe. Kundi lao likiinuka na kupiga kelele zisizo za kawaida, usitazame kunguru, tazama wanachokifukuza.

Chakula cha jioni: ugali wa uwele, mlenda na vipande vya nyama ya mbuzi kwa mama lishe pembeni ya soko, 3,500. Aliongeza mlenda bila kuombwa.

Ijumaa: Kizota na Chidaya

Asubuhi tulizunguka nje ya eneo la machinjio, Kizota. Ndani kunahitaji ruhusa, na si lazima, kwani ndege wanakaa kwenye miti ya nje wakisubiri. Mwewe ndio wengi, wakifuatiwa na korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, ambao si wawindaji ila wanakula meza moja nao.

Tumbusi hawakuwepo. Msomaji aliyefika miji ya Afrika Magharibi atashangaa, maana huko tumbusi mdogo mwenye kichwa cha waridi anatembea sokoni na kulala juu ya mapaa. Kwetu ndege huyohuyo anaonekana zaidi mbugani, na tangu 2015 amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Sumu inayotegwa kwenye mizoga kwa ajili ya simba na fisi ndiyo imewamaliza wengi, kwa kuwa tumbusi hufika kwa makumi kwenye mzoga mmoja. Mji unaokua wenye mabaki ya nyama kila siku na usio na tumbusi hata mmoja ni jambo la kuandika daftarini, sawasawa na wale waliopo.

Dampo la Chidaya liko upande wa Matumbulu. Boda kwenda na kurudi na kusubiri: 15,000. Omba ruhusa getini, vaa viatu vya kufunika. Ndege wanajaa pale lori linapomwaga taka mpya, lakini taka zikishasukumwa na kufunikwa udongo wanaondoka ndani ya muda mfupi, kwa hiyo subiri lori. Simama upande upepo unakotoka. Taka zinazoungua zenyewe kwa ndani hutoa moshi usio mzuri kwa kifua.

Viota vya mwewe karibu na dampo vinafundisha kitu. Anatandika kwa matambara, karatasi, sufi, samadi na vipande vya plastiki, na kamba za nailoni zinaingia humo humo. Kamba ikizunguka mguu wa kinda, mguu unavyonenepa kamba inakaza, na siku ya kuruka kinda anabaki ananing'inia. Ukiona kinda ananing'inia usipande mwenyewe, maana mama yake anapiga usoni.

Jioni mvua ilinyesha kama nusu saa, na kumbikumbi wakatoka. Hapo ndipo anga la mtaa wa Area D lilibadilika. Juu ya mwewe walitokea kozi wadogo wa kijivu wenye miguu ya machungwa, mabawa membamba, wakikata hewa kimya. Hawa hutaga Siberia ya mashariki na kaskazini ya China, hupumzika India, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua, wakielekea kusini mwa Afrika. Mmoja hana uzito wa kufika robo kilo. Hawakai, wanafuata mvua. Ukikosa jioni ya kumbikumbi umewakosa, kwa hiyo mvua ikikatika toka nje hata kama wali uko mezani.

Jumamosi: majabali

Dodoma imejengwa katikati ya vilima vya mawe ya matale, na jabali lenye ufa ndilo hitaji la kozi, ndege ambaye hajengi kiota. Anataga juu ya kidaraja cha mwamba, yaani ukingo mwembamba uliotokeza, au anapora kiota cha zamani cha kunguru, siku hizi hata kwenye mnara wa chuma.

Kabla ya kilima, jambo la usalama. Hapa ni makao makuu. Usielekeze darubini wala kamera kwenye majengo ya Serikali, Bunge, kambi au mitambo ya mawasiliano iliyo juu ya vilima. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, jitambulishe, mwoneshe kitabu cha ndege. Tulipofanya hivyo, mzee aliyekuwa ofisini alimtuma kijana wake atusindikize na akakataa hela. "Mpeni soda," alisema. Soda ikawa mbili.

Kwenye majabali tafuta weupe, lakini ujue kuusoma. Pimbi wanakojoa sehemu moja miaka na miaka, na mkojo wao unaacha utando mgumu mweupe wenye michirizi ya kahawia, unaong'aa kama umepakwa vanishi. Mavi ya ndege yanaanza ghafla chini ya kidaraja, ni meupe ya chokaa, hayana ugumu, na mvua moja kubwa inayaosha. Kwa hiyo weupe wa ndege mwanzoni mwa mvua ni wa kiangazi hiki, wakati wa pimbi unaweza kuwa wa enzi za babu. Watu wengi wamekaa saa nzima wakisubiri kozi mbele ya choo cha pimbi.

Chini ya kidaraja cha kweli utakuta manyoya ya njiwa na tetere, mabawa mawili yakiwa bado yameungana kwenye mfupa wa kifua. Ndivyo kozi anavyobakiza.

Wawili tuliowapata kwenye jabali la kwanza walikuwa wa utosi wa rangi ya kutu, ndio wa kawaida zaidi nchi kavu kama hii. Mwingine, mwenye kofia nyeusi inayoshuka hadi mashavuni, ni yule anayeshuka kwa kasi inayopita kilomita 300 kwa saa. Ukiwa mbali tofauti ni umbo: wa utosi wa kutu ana mkia mrefu na mabawa yenye ncha butu kidogo, mwenye kofia ni mnene kifuani na mfupi mkiani. Wa utosi wa kutu huwinda kwa jozi. Mmoja anapita chini kuwafumua tetere kwenye mgunga, mwenzake yuko juu akisubiri atakayekosea njia. Walikosa mara nyingi kuliko walivyopata.

Mchana jua ni kali na mwamba unaunguza, shuka saa tano. Miti ya mtaani chini ya kilima ilikuwa na viota vya mnana, na hapo alikuja mwindaji wa kijivu mwenye uso mtupu wa njano. Goti lake linapinda mbele na nyuma, akaning'inia kwenye kiota kwa mguu mmoja na kuingiza mwingine mlangoni kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kabati. Akiingiwa na wasiwasi uso unageuka mwekundu. Mnana walipiga kelele, hakujali. Alikagua viota kimoja kimoja, na vingi vilikuwa vitupu.

Jumapili: Hombolo

Daladala za Hombolo zinajaza ndipo ziondoke. Tulikaa kwenye kiti saa moja na dakika arobaini. Nauli 3,000, umbali kama kilomita 40. Nenda na ya kwanza asubuhi, na ulizia ya mwisho ya kurudi kabla hujashuka.

Bwawa lilijengwa 1957. Limejaa tope kwa miaka na maji yake yana chumvi, lakini samaki wapo, na wakiwepo samaki furukombe yupo. Kichwa na kifua cheupe, tumbo la kahawia iliyokolea, sauti inayosikika kabla hujamwona. Jozi moja hushika kipande chake cha ufukwe na kukilinda mwaka mzima. Anakaa kwenye mti mkavu, anashuka kwa mteremko mrefu, na kunyakua samaki wa juu ya maji. Nyayo zake zina vijiba vikali vya kumshika samaki mtelezi. Akipata samaki wa kilo moja anaruka naye. Akizidi kilo mbili hawezi kumwinua, anamburuta juu ya maji hadi ufukweni.

Kinachoharibu hapa ni vipande vya nyavu za nailoni vinavyoachwa kwenye matete. Wavuvi tuliokaa nao wanakusanya vipande vyao na kuvichoma jioni, si kwa ajili ya ndege bali kwa sababu vinanasa mitumbwi. Faida ni ileile.

Mama mmoja muuza samaki alitupa kivuli cha kibanda chake mchana kutwa. Sato wa kukaanga na ugali 4,000. Daladala ya mwisho ilikuwa imeondoka tulipofika kituoni, tukarudi na lori la mchanga kwa 5,000 kila mmoja.

Jumatatu: Kibaigwa na Kongwa

Basi la njia ya Morogoro, 5,000. Kibaigwa ni soko la mahindi linalojulikana hadi nje ya nchi. Penye mahindi pana panya, na penye panya pana bundi. Yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo analala darini mwa maghala, kwenye mapaa ya makanisa na shule, na kwenye matundu ya mibuyu nje ya mji.

Mchana humtafuti bundi, unatafuta matonge yake. Bundi humeza panya mzima, kisha mifupa na manyoya visivyosagika huviringwa tumboni na kutapikwa. Tonge la bundi huyu lina urefu wa sentimita 3 hadi 7. Likiwa jipya ni jeusi na linang'aa, likizeeka linakuwa la kijivu na kuvunjika vumbi. Chini ya boriti moja la ghala tulijaza bahasha mbili.

Namna ya kuyafungua: yaache yakauke juani siku chache, vaa barakoa, loweka tonge moja kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, kisha tenganisha kwa kibanio juu ya karatasi nyeupe. Usihesabu mafuvu, yanavunjika. Hesabu mataya ya chini, ya kushoto peke yake na ya kulia peke yake, chukua idadi kubwa. Hapo unajua panya wangapi wameliwa. Andika tarehe na mahali kwenye bahasha kabla ya yote, maana matonge yakichanganyika hayana maana tena.

Mlinzi wa ghala, mtu wa makamo, alituletea chai ya tangawizi na vigoda vya kukalia. Lakini alikuwa na neno lake. "Wanangu, huyu akilia juu ya paa, kuna mtu hatoamka." Hatukubishana naye, tulimwonesha mataya. Alihesabu mwenyewe tonge moja, akapata panya wanne, akanyamaza kidogo kisha akauliza kama bundi anakula na wale wa gunia la tatu kutoka mlangoni.

Sumu ya panya ndiyo tatizo lenyewe. Zile zinazozuia damu kuganda haziui papo hapo. Panya anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu, anakuwa wa kwanza kukamatwa, na sumu inahamia kwenye ini la bundi. Mwenye ghala akitega sumu bila kukusanya mizoga kila asubuhi, anawaua wawindaji wake na kubaki na panya waliosalia, ambao wanazaa haraka kuliko bundi. Mitego ya kubana na kuziba matundu ya sakafu vinafaa zaidi karibu na kiota.

Anayetaka kumwekea bundi sanduku: plaiwudi ya milimita 12, sakafu isiyopungua sentimita 40 kwa 60, mlango wa sentimita 13 kwa 13, na kina cha sentimita 45 kutoka ukingo wa chini wa mlango hadi sakafuni. Kina hicho ndicho watu wanakikosea. Sanduku likiwa fupi, makinda wanatoka kabla mabawa hayajakomaa na wanadondoka. Litundikwe mita 3 au zaidi juu, ndani ya jengo ikiwezekana, mbali na bati kwa sababu joto la bati la Dodoma linaua mayai. Toboa matundu madogo chini ya kutolea unyevu. Nje, nyuki huwahi kuliko bundi. Wakishaingia usiwachome moto, ita mfuga nyuki. Mayai ni 4 hadi 7, hutagwa kwa kupishana siku, hukaliwa kama mwezi mmoja, na kinda wa mwisho hufa njaa kama panya ni wachache.

Mchana tulipanda Noah kwenda Kongwa kwa 2,500. Nyanda hizi ndiko Waingereza walikojaribu karanga kuanzia 1947 na kushindwa kufikia 1951, sasa ni malisho. Kwenye nyaya kulikuwa na mwindaji mweupe-kijivu mwenye mabega meusi na macho mekundu, ambaye husimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja kabla ya kushuka juu ya panya. Na kwenye migunga yenye viota vikubwa vya miiba alikuwepo kozi mdogo kuliko ndege wawindaji wote wa Afrika, gramu 60 tu. Huku kwetu anaishi hasa kwenye viota hivyo, ambavyo hujengwa na ndege wenye kichwa cheupe na kiuno chekundu-machungwa. Tafuta viota kwanza, utamkuta amekaa juu ya tawi tupu karibu navyo.

Jumatano: Bahi, Saranda, Singida

Jumanne ilikuwa ya kufua na kulala. Jumatano tulipanda basi la Singida, 15,000, ila tulishuka Bahi na kulipa tena mbele. Kondakta alikuwa mwungwana, akatupunguzia.

Bahi ni mpunga na mbuga ya maji, na juu ya majaruba walikuwepo wawindaji wahamaji wenye mabawa marefu wanaoruka chini kwa chini, mabawa yakiwa wameyainua kidogo kwa umbo la V. Madume ni ya kijivu hafifu, majike ya kahawia wenye kiuno cheupe. Kuwatenganisha majike wa aina mbili zinazokuja huku ni kazi ya picha, si ya macho. Piga picha bawa kwa chini na uamue nyumbani.

Wanawafuata kwelea. Kundi moja la kwelea likilala pamoja linaweza kuzidi milioni, na wakulima wa mtama, uwele na mpunga hawana mzaha nalo. Dawa inayonyunyiziwa maskani yao jioni, fenthioni, inaua na kulegeza, na kesho yake asubuhi kila mwindaji wa jirani anakuja kula walioanguka. Sumu inaendelea kuua kwa mlango wa pili. Kondoa wana mila ya kuwatega kwelea na kuwala, njia ambayo haimdhuru kozi wala mla kwelea. Mpita njia akiuziwa kwelea wa kukaanga, aulize wametegwa au wameokotwa.

Chini ya nguzo moja yenye transfoma kulikuwa na tai wa kahawia aliyekufa, manyoya ya bawa yameungua nchani. Nguzo yenye mkono wa chuma na vikombe vifupi vya kuzuia umeme inamwua ndege mkubwa kwa sababu bawa moja linagusa waya na mguu uko kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi. Manyoya yakiwa makavu anaweza kupona, yakilowa hapana. Dawa yake ni kuvika mpira nyaya fupi zinazoingia kwenye transfoma na kuongeza urefu wa vikombe. Ukimkuta, usimguse. Piga picha, andika namba ya nguzo, peleka kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kuchukua ndege au hata manyoya bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Baada ya Kintinku barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Saranda kuelekea Manyoni. Upepo unaogonga ukingo ule unapanda juu, na tai wanautumia bila kupiga bawa. Kaa upande wa dirisha. Pungu mweusi mwenye mkia mfupi sana alipita usawa wa basi, akiyumba kushoto na kulia. Manyoni hadi Singida: giza.

Alhamisi: Singida

Ziwa Singidani liko ubavuni mwa mji, maji ya chumvi, majabali pembeni, heroe katikati. Kozi mwenye kofia nyeusi alikuwa juu ya jiwe tangu alfajiri, na ndege wote wadogo wa ufukweni walikuwa wamelala kifudifudi.

Lakini Singida ni kuku. Kuku wa kienyeji wa hapa wanapakiwa kwa matenga hadi Dar, kwa hiyo habari ya mwewe hapa ni habari ya fedha. Bibi mmoja wa pembezoni mwa mji, baada ya shikamoo na maji ya kunywa, alitutembeza bandani kwake na kutuonesha asichokubaliana nacho: watu kumsingizia mwewe kila kitu.

Ana haki. Mwewe wa gramu 800 anabeba kifaranga, habebi tetea wa kilo moja na nusu. Tetea mzima akipotea mchana, mshuku tai mdogo wa tumbo jeupe lenye michirizi. Akipotea usiku, mshuku kicheche au paka pori. Soma manyoya. Ndege mwindaji anayanyofoa, shina linabaki zima na lundo liko mahali pamoja. Mnyama anayakata kwa meno, shina limevunjika na manyoya yametawanyika hadi kwenye uzio.

Vifaranga wanahitaji kulindwa wiki sita za mwanzo tu. Bibi anawafungia na mama yao chini ya tenga hadi wiki ya tatu, kisha anawaachia chini ya michongoma, si uwanja mtupu. Wavu wa juu uwe umekazwa, tundu lisizidi sentimita 5. Wavu uliolegea unanasa ndege na unachanika siku ya pili. Sidii na karatasi za kung'aa zinafanya kazi siku chache mpaka mwewe azizoee, kwa hiyo zihamishe kila wiki. Nyama yenye sumu isitegwe kamwe, mbwa wa jirani ndiye atakayeifikia kwanza.

Ukimwokota mwindaji aliyeumia, mtupie kanga juu ya kichwa, shika miguu kwanza (kucha ndizo silaha, si mdomo), mweke kwenye boksi lenye matundu mahali penye giza, usimnyweshe maji mdomoni, na piga simu kwa maliasili siku hiyohiyo.

Kuku wa kuchemsha na ugali wa mtama stendi, 7,000.

Atakayekuja Februari hadi Aprili atakuta mambo tofauti: majani yamefunga, kwelea wako kwenye kilele, wahamaji wa Bahi wanaanza kuondoka, na wale kozi wa kijivu wa kumbikumbi wanapita tena kurudi kaskazini. Barabara za pembeni za Bahi hujaa maji na njia ya Hombolo huwa na utelezi, kwa hiyo ulizia madereva stendi kabla ya kulipa gesti ya mbele.